Masikio Yasiyokuwa na Ugonjwa

Kwa wiki tatu nilimwomba Mungu aponye masikio ya baba yangu. Nilifunga Jumatano mbili. Niliomba nikiwa kwenye cherehani, niliomba njiani kwenda darasa la jioni, niliomba hata mkufunzi alipokuwa akichora saketi ubaoni, ndiyo maana daftari langu lina kurasa mbili tupu katikati ya somo la vyombo vya sauti. Kumbe masikio yenyewe hayakuwa na ugonjwa wowote. Nilikuwa namgongea Mungu mlango kwa ajili ya mgonjwa ambaye hakuwepo, na aliyenituma kugonga ni mdogo wangu.

Baba amefundisha kwaya ya kanisa kwa miaka thelathini na minne. Watu hawamwiti kwa jina. Ni Mwalimu, hata sokoni. Kila Jumamosi kabla ya mazoezi husikiliza santuri moja, ile ambayo kwaya yake ilirekodi yeye akiwa bado kijana, nyimbo nne kila upande. Hasikilizi kwa kujifurahisha. Anasema hiyo ndiyo rula yake. Anaijua kila pumzi iliyomo, kwa hiyo siku akiisikia imebadilika, atajua kilichobadilika ni yeye.

Ampilifaya yake ya zamani ilipokufa, mdogo wangu alimletea nyingine. Mdogo wangu hutengeneza simu, na mtaa mzima humwita Injinia. Jina hilo alijipa mwenyewe, watu wakaona uvivu kubishana. Alikuja na ampilifaya na kiboksi cheusi kidogo kama kipande cha sabuni, akaingia nyuma ya kabati, akatoka na vumbi kwenye nywele, akasema tayari. Baba akaweka santuri. Akasikiliza upande mzima. Kisha akasema, "Sauti ya kwanza siisikii."

Sauti ya kwanza ni wale wanawake wanaoimba juu kabisa. Mwalimu wa kwaya asiyewasikia hao hana kazi.

Injinia akamjibu palepale, "Chombo kiko sawa, Baba. Hayo ni masikio. Ndio umri huo."

Baba alijaribu tena Jumamosi iliyofuata, na ile iliyofuata. Kisha akaandika barua ya kuacha ualimu wa kwaya. Barua ingesomwa Jumamosi ya nne saa kumi, mazoezi yakianza, na yeye alisema hatakuwepo. Hakutaka kuangaliwa.

Siku hiyo nilifika kwake saa saba na nusu.

"SHIKAMOO, BABA!"

"Marahaba. Mbona unanifokea?"

"SIFOKI, NATAKA USIKIE!"

"Nasikia. Na jirani naye amesikia."

Alikuwa amekaa sebuleni akipanga karatasi za nyimbo mafungu manne sakafuni, kila sauti na fungu lake, ili amkabidhi atakayemfuata. Aliyapanga kwa uangalifu, kona kwa kona, kama mtu anayekunja nguo za safari. Nilipita kwenda jikoni. Mkoba wangu niliuacha kwenye korido, chini ya kitambaa cha sare za shule nilizokuwa nazo za kushona.

"Mama," akaniita, "simu yako inaisha chaji."

"NINI?"

"Simu. Inalia kwenye mkoba. Ni mara ya tatu sasa."

Mimi sikuwa nimesikia kitu. Nilikwenda koridoni, nikafunua kitambaa, nikafungua mkoba, nikaitoa simu. Ilikuwa imebakiwa na asilimia nne. Nikasimama nayo mkononi mpaka ikalia tena, kamlio kembamba, kadogo, ka juu kuliko sauti yoyote ya mwanamke. Baba alikuwa amekaa vyumba viwili mbali na hapo, mgongo wake umenielekea.

Nilirudi sebuleni. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu niliongea kwa sauti ya kawaida.

"Baba, weka santuri."

"Ya nini? Nimeshaipanga."

"Weka. Nataka kusikiliza mimi."

Nikakaa kwenye kiti chake. Nasema kweli mbele za Mungu, sikuwahi kukaa pale kusikiliza tangu kile kiboksi kifungwe. Nilikuwa nakuja, naacha chakula, nafoka, naomba, naondoka. Sindano ikashuka. Kabla ya wimbo kuanza ukaja mvumo, kama friji kuukuu iliyofungiwa chumba cha pili. Kisha besi wakaingia, wakubwa, wamevimba, kama lori limesimama mlangoni na injini haijazimwa. Nikawasubiri wanawake. Walikuja kama watu wanaoimba wamefunikwa magodoro. Mdundo ulipokuwa mzito spika zilikoroma.

"Baba," nikasema, "hata mimi siwasikii."

"Usinionee huruma."

"Sikuonei huruma. Siwasikii."

Akaushika mgongo wa kiti changu kwa mikono miwili.

Nikasukuma kabati, nikapiga magoti nyuma yake na tochi. Ilinichukua dakika tano tu, nami ni mshonaji mwenye miezi mitano ya darasa la jioni. Nieleze kidogo, maana bila hilo hutaelewa hasira yangu. Santuri inapotengenezwa kiwandani, besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa, ili mfereji wa sindano usiwe mpana kupita kiasi. Kile kiboksi kazi yake ni kugeuza mambo hayo: hukipandisha kile kisauti kidogo kinachotoka kwenye sindano, huzirudisha besi, na huzishusha sauti za juu mpaka mahali pake. Sasa ampilifaya ya Injinia ilikuwa na mtambo wa namna hiyo tayari tumboni mwake, nyuma ya matundu yenye alama ya santuri. Na kiboksi chake alikuwa amekichomeka kwenye matundu hayohayo. Kazi ya mara moja ikafanywa mara mbili. Besi zikapandishwa mara mbili, wanawake wakashushwa mara mbili. Somo hilo lilikuwa la wiki ya tatu darasani.

La pili nililoliona ndilo lililonifanya nitoke nyuma ya kabati bila kufuta vumbi. Ule waya mwembamba wa ethi, unaotoka kwenye mashine ya santuri na kufungwa kwa skrubu ili mvumo usiingie, ulikuwa umekatwa. Haukuwa umekatika, ulikuwa umekatwa kwa koleo, sawasawa, karibu na shina.

Nikampigia.

"Uko wapi?"

"Dukani, dada. Nina wateja."

"Waache. Njoo kwa Baba."

"Kuna nini? Anaumwa?"

"Wewe ndiye uliyesema anaumwa. Njoo umpime."

Alifika saa nane na dakika kumi. Wifi yangu, mkewe, alikuja naye, kwa sababu aliisikia sauti yangu kwenye simu na hakutaka kuja kusimuliwa.

"Waya huu aliukata nani?" nikamuuliza kabla hajakaa.

"Upi?"

"Wa ethi."

"Aa, huo. Si ulikuwa unaning'inia tu? Hauna plagi, hauna nini. Nikausafisha."

"Ukausafisha?"

"Dada, kazi safi ni kazi safi. Mteja hapendi nyaya zinazoning'inia."

"Hata simu akitengeneza hubakiwa na skrubu mbili tatu," akasema wifi. "Anasema zilizidi."

"Wewe nyamaza."

"Nimenyamaza."

"Na hapa?" nikamulika kwa tochi. "Umepitisha sauti kwenye mitambo miwili. Ndiyo maana Baba hasikii sauti ya kwanza. Si masikio!"

Akacheka. Hapo ndipo alipokosea. Angekaa kimya, pengine siku ile ingekuwa na sura nyingine.

"Miezi mitano ya madarasa ya jioni, tayari umekuwa profesa? Dada, mambo haya yana wenyewe. Wewe rudi kwenye vifungo na zipu zako."

Nina miaka hamsini na moja. Nilianza darasa lile na watu wanaoweza kuwa watoto wangu, na usiku wa kwanza walidhani nimekuja kufagia. Nimeshazoea kuchekwa. Lakini pale chini palikuwa na mafungu manne ya karatasi, na mzee aliyeyapanga alikuwa amesimama kati yetu akitazama mdomo wa huyu na wa yule. Mkasi wangu wa kukatia kitambaa ulikuwa mezani. Nikasema moyoni, Bwana, ushike mkono huu, maana mimi nimeshauachia. Nikauchukua mkasi, nikarudi nao nyuma ya kabati.

Nilifanya kazi kwa hasira, na kazi ya hasira haina macho. Nilizing'oa nyaya zote kwa mpigo, nikazihamisha, nikachomeka upya, nikawasha. Mvumo ukawa mkubwa kuliko mwanzo, na spika ya kushoto ikafa kabisa.

"Ndiyo elimu yenyewe hiyo?" akasema Injinia. "Ulikuwa na tatizo moja, sasa unayo matatu. Hongera."

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika arobaini. Nikatoka nje, nikasimama kwenye kibaraza nikiwa nimeegemea ukuta. Sala yangu haikuwa nzuri. Nilisema, Bwana, ama unipe akili, ama umwondoe mbele yangu, na ukiweza yote mawili usijizuie. Nilipokwisha kusema hivyo nikaona haya, na kwenye ile haya yakanijia maneno ambayo mkufunzi huyaandika juu ya ubao kila somo, ambayo nimeyanakili mara nyingi bila kuyasikia: zima umeme, badilisha kitu kimoja, sikiliza, andika.

Nikarudi ndani. Nikazima umeme. Nikachukua daftari.

Kwanza, spika ya kushoto. Plagi yake niliiingiza nusu. Nikaisukuma mpaka mwisho, nikawasha, ikafufuka. Nikaandika. Nikazima. Pili, nyaya zinazotoka kwenye kiboksi. Kwa hasira nilikuwa nimezirudisha kwenye matundu yaleyale ya santuri. Safari hii nikazihamishia kwenye matundu ya kanda, ambako hakuna mtambo wa pili. Nikawasha, sauti ikiwa chini, nikashusha sindano.

"Ngoja," akasema Baba.

Besi walikuwa wameshuka kwenye lori lao. Wanawake walikuwa wametoka kwenye magodoro.

"Ngoja," akasema tena, lakini kwa sauti nyingine. "Bado kuna kitu kinavuma."

"Ni ethi, Baba. Ninakuja."

Nikazima. Kile kipande cha waya kilichobaki kilikuwa kifupi kama kucha. Nikakimenya kwa ncha ya mkasi, nikakiungia waya nilioukata kwenye chaja mbovu, nikausokota kwa vidole vinavyojua kufunga uzi mahali pasipoonekana, nikauzungushia utepe wa gundi, nikaufunga kwenye skrubu ya kiboksi. Lehemu ningetia siku nyingine. Nikawasha.

"Umepungua," akasema Baba. Alikuwa amefumba macho. "Haujaisha. Kuna mmoja mdogo, kama nyuki ndani ya chupa."

Mimi nyuki yule sikumsikia. Injinia hakumsikia; nilimwona akikunja uso akijaribu. Wifi akatikisa kichwa. Nikapekua daftari mpaka nikapata: kiboksi kisikae juu ya ampilifaya, karibu na transfoma. Kilikuwa juu yake palepale, kimelazwa kama paka. Nikakiinua mkononi.

"Sogeza," akasema Baba. "Zaidi. Umerudi. Kulia. Hapohapo, usitikisike."

Nikakiweka kwenye rafu ya chini, mkono wa kulia. Akafumbua macho.

"Ameondoka."

Mzee aliyeambiwa masikio yamekufa alikuwa ameniongoza kwa masikio hayohayo katika kitu ambacho sisi watatu hatukukisikia. Nikairudisha sindano mwanzo wa wimbo wa kwanza.

Aliusikiliza amesimama, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayehesabu watoto wake wakivuka barabara. Walipomaliza ubeti wa pili akasema, "Yule wa tatu anapumua mapema. Miaka yote anapumua palepale." Kisha akaiinua sindano mwenyewe, akaiweka kwenye kishikio chake, akamgeukia mwanawe.

"Siku ya kwanza. Ulipomaliza kufunga. Ulisikia ule mvumo?"

"Baba, unajua vyombo hivi..."

"Nimekuuliza kitu kidogo."

Injinia alimtazama mkewe, akanitazama mimi. Hakuna aliyemkopesha jibu.

"Niliusikia."

"Na wanawake?"

"Walikuwa mbali kidogo."

"Sasa masikio yangu yaliingiaje hapo?"

"Sikujua kilipoharibika. Na nilikuwa nimeshasema tayari. Nikaona..." Akajikuna shingo. "Wewe ni mtu mzima, Baba. Nikaona siku moja yatachoka tu."

Baba hakuwahi kutupiga tukiwa watoto, na hakuwahi kupiga kelele, maana alisema koo lake ni la kazi. Siku ile alipiga kelele.

"Ungesema hujui! Neno moja! Hujui! Lingekutoa roho? Nimeandika barua! Nimelala wiki tatu nikijiuliza nitakaaje bila wao, kumbe wewe unalinda jina la dukani!"

"Ulimzika akiwa hai," nikasema mimi, "ili usichekwe na..."

"Na wewe nyamaza!" Alinigeukia hivyohivyo, kidole hewani. "Wewe unayasomea mambo haya. Umekuja hapa Jumamosi zote. Hukukaa chini kusikiliza hata wimbo mmoja. Ulikuja kunipigia kelele kama mimi ni ng'ombe!"

"Nilikuwa nakuombea, Baba."

"Ungeniombea ukiwa umekaa kwenye kiti kile!"

Nikaanza kuziokota karatasi za nyimbo sakafuni.

Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Injinia akatoa simu, akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "Nampigia katibu wa kwaya sasa hivi. Namwambia asiisome."

"Simu hapana," akasema Baba. "Utakwenda. Watakuona uso."

Tulikwenda kwa gari la Injinia, dakika kumi na tano. Baba alikaa nyuma nami, kama abiria aliyekodi. Mbele, wifi alitazama dirishani. Injinia alisema mara moja, "Baba, watu wale ni wateja wangu," na hakujibiwa.

Tulipofika ukumbini walikuwa wameshaanza. Wanakwaya ishirini na sita kwenye mabenchi, katibu amesimama mbele na karatasi, wanawake wawili wa sauti ya kwanza wakijifuta macho kwa mitandio. Baba alisimama mlangoni.

"Nani amekufa?"

Wote wakageuka. Katibu alishusha karatasi. "Mwalimu! Tulikuwa tunasoma barua yako."

"Mmefika wapi?"

Katibu akatafuta mstari kwa kidole. "Hapa. 'Mwanangu, ambaye ni fundi, amenihakikishia kwamba chombo ni kizima.'"

"Huyo mwanangu ndiye huyu. Mpisheni apite mbele."

Injinia alipita kati ya mabenchi. Nilimwona akinyoosha shati. "Habari za jioni," akasema. "Ee, kulikuwa na hitilafu ndogo ya kiufundi ambayo..."

"Ongea kama mtu," akasema Baba kutoka mlangoni.

Akatazama sakafu.

"Niliunganisha vibaya. Masikio yake ni mazima. Mimi nilisikia tangu siku ya kwanza kwamba chombo kina kasoro, nikasema ni yeye."

Kisha mzee mmoja wa besi, nyuma kabisa, akasafisha koo. "Kwa hiyo simu yangu uliyosema imekufa, nayo ilikufa kweli?"

Kicheko kikapasuka, mpaka wale waliokuwa wakilia wakacheka. Injinia hakucheka. Baba naye hakucheka. Alipita mbele, akaichukua barua mkononi mwa katibu, akaichana vipande viwili, kisha vinne, akamkabidhi mwanawe avishike, kwa kuwa hapakuwa na pipa karibu.

"Simameni," akawaambia wanakwaya. "Mgongo. Sauti ya kwanza peke yao."

Mimi na wifi tulikaa benchi la nyuma. Wanawake wakaimba, Baba akawasimamisha kwenye mstari wa pili, akawarudisha, akawasimamisha tena. Alikuwa mkali kuliko nilivyowahi kumwona, na hakuna aliyelalamika. Injinia alikuwa bado amesimama pembeni na vipande vyake vya karatasi, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.

Wifi akaniinamia sikioni. "Msamehe, wifi. Wewe si mtu wa sala?"

"Nitamsamehe."

"Lini?"

"Kesho ibada ni saa tatu," nikamwambia. "Mpaka saa hizo niache."